Sili mpya pekee haiponyi silinda ya buldoza

Kwa miaka mingi mafundi wengi wameamini kwamba silinda ya haidroliki (bomba nene la chuma linalosukumwa na oili yenye presha) ikivuja, dawa ni kubadilisha sili, yaani pete laini inayozuia oili isitoke. Kwenye buldoza kuukuu, mara nyingi sili ndiyo iliyoumizwa, na kilichoiumiza bado kipo palepale.

Anza na fimbo ya pistoni, ile nondo inayong'aa inayoingia na kutoka kwenye silinda. Shusha bamba la kusukumia udongo hadi chini, zima injini, toa presha kwenye mfumo, kisha ifute fimbo na uipitishie ukucha. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo au shimo la kutu, sili mpya nayo itachanika. Kutu hiyo huingia hasa mashine ikilazwa muda mrefu fimbo zikiwa nje, kromu inayozifunika ikipigwa na unyevu. Zipake grisi kabla ya kuiacha. Kagua pia pini zinazoshikilia silinda na bushi, yaani vikombe ambamo pini huzungukia. Zikilegea, fimbo husukumwa upande na kula sili upande mmoja. Oili chafu humaliza kilichobaki, kwa hiyo sili ya kuzuia vumbi na filta zisidharauliwe.

Je, bamba likishuka lenyewe bila tone la oili kuonekana nje? Huenda oili inapenya pembeni mwa pistoni, ndani ya silinda, lakini vali inayoongoza bamba nayo inaweza kuwa imechakaa. Pima kabla ya kufungua silinda.

Tafadhali, usitafute uvujaji kwa kiganja. Oili yenye presha hutoboa ngozi, na jeraha hilo, hata likionekana dogo, linahitaji hospitali mara moja. Tumia kipande cha kadibodi.