Namba ndogo ya CL si kipimo cha kasi ya RAM

Imani kwamba RAM yenye namba ndogo ya CL (kifupi cha CAS latency, yaani ucheleweshaji) ndiyo yenye kasi imewafanya wengi wanaounda kompyuta za mezani waidharau DDR5, kizazi cha RAM kilichofuata DDR4, ambacho namba zake za CL ni kubwa zaidi. Namba hiyo huhesabu mizunguko ya saa inayopita kabla data haijaanza kutoka, wala si muda wenyewe, na kila mzunguko huwa mfupi zaidi kadiri kasi inavyopanda. Ili kupata nanosekunde halisi, zidisha CL kwa 2000, kisha gawanya kwa kasi iliyoandikwa: DDR4-3200 yenye CL16 hutoa 10, na DDR5-6000 yenye CL30 hutoa 10 vilevile, huku uwezo wake wa kupitisha data ukikaribia maradufu. DDR5-6000 yenye CL40 hufikia 13.3.

Kwa prosesa za AMD za Ryzen 7000 ningechagua hiyo ya 6000 CL30, tena vipande viwili badala ya vinne, kwa sababu vinne hukilemea kidhibiti cha kumbukumbu, na kasi ikipita takriban 6400 kidhibiti hicho kwa kawaida hushindwa kwenda sambamba na RAM. Usisahau kuwasha profaili ya EXPO (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta; bila hiyo, RAM hubaki kwenye kasi ya chini ya kawaida.