Kanzidata haihesabu sayansi, inahesabu anwani

Dai lilelile limekuja tena. Safari hii ni jedwali: safu ya kwanza majina ya vyuo vikuu, ya pili idadi ya makala zilizomo Scopus, kanzidata ya makala za kitaaluma, na chini yake mtu kaandika kwamba hiyo ndiyo sayansi ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kimeipa dunia. Kuhesabu machapisho ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo kuhesabu kwenyewe hakuniudhi. Ninaoshindwa kuwavumilia ni wanaodhani kanzidata inahesabu sayansi. Kanzidata inahesabu anwani.

Kwenye makala yoyote, karibu na jina la mwandishi kuna mstari wa taasisi yake. Mashine inausoma, inaulinganisha na majina inayoyajua, inaandika moja. Basi. Haijui kazi ilifanyikia wapi wala wazo lilikuwa la nani. Mtafiti akitaja idara akasahau chuo, makala yake inazurura. Akiweka taasisi mbili, kila moja inajipatia makala nzima. Hayo tunayasafisha kila siku na wala hayaninyimi usingizi.

Kinachonikera ni pale mtu anapochora mstari kuanzia 1970 hadi leo na kuubandika jina UDSM, kana kwamba ni kitu kilekile mwanzo hadi mwisho. UDSM ya 1983 ilikuwa na kitivo cha kilimo kule Morogoro. Mwaka 1984 kitivo hicho kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Tiba nayo ilikuwa kitivo, mwaka 1991 ikawa chuo kishiriki cha Muhimbili, na 2007 ikaondoka kabisa, ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Mwaka huohuo chuo cha Ardhi nacho, kilichokuwa chini ya UDSM, kikajitegemea. Sasa, popote duniani, watu wa tiba wanachapisha kwa wingi na wananukuliwa haraka kuliko watu wa hisabati, sheria au historia. Kihamishe kitivo cha tiba kutoka chuo chochote unachokiheshimu, kisha uangalie takwimu zake mwaka unaofuata. Hakuna aliyezembea, hakuna maabara iliyofungwa. Kilichobadilika ni herufi chache kwenye mstari wa anwani. Halafu anatokea mchambuzi, anaandika aya tatu za masikitiko kuhusu kuzorota kwa utafiti.

Je, makala ya malaria iliyotoka Muhimbili mwaka 1995 ni ya nani? Mimi huiacha UDSM, kwa kuwa Muhimbili wakati huo ilikuwa chini yake. Wenzangu wengine huipeleka MUHAS, kwa kuwa watu, wodi na maabara ndizo hizohizo. Hoja zote mbili zina mashiko, na kila moja inazaa idadi tofauti. Siwezi kukuapia kwamba njia yangu ndiyo sahihi. Ninachodai ni kwamba useme umefuata ipi, na majedwali ninayotumiwa hayasemi.

Ukiona hilo ni dogo, mchukue Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa sekondari ya Magamba, aliona maziwa yake ya aiskrimu, aliyoyatia kwenye friji yangali moto, yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuja kuzungumza nao kutoka Dar es Salaam, na darasa likamcheka. Osborne hakumcheka. Alirudi maabara akamwomba fundi ajaribu. Fundi akaleta majibu: kweli, maji ya moto yametangulia kuganda, lakini msiwe na wasiwasi, tutaendelea kurudia hadi tupate jibu sahihi. (Nampenda sana huyo fundi. Nusu ya wateja wangu ndivyo wanavyotaka niwafanyie takwimu zao.) Mwaka 1969 makala ikatoka katika jarida la Physics Education, ikiwa na majina ya wote wawili.

Haya, tuihesabu. Mwaka 1969 hapakuwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilichokuwepo ni chuo kishiriki ndani ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na hali hiyo iliendelea hadi Julai 1970. Mpemba mwenyewe wakati huo alikuwa chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Kwa hiyo anayefuata anwani kwa ukali atakuambia kwamba tokeo la fizikia lililobeba jina la Mtanzania duniani kote si la UDSM, na upande mmoja wake ni wa chuo kinachofundisha kusimamia wanyamapori.

Na kuna lililo gumu zaidi: hatuna uhakika kwamba tokeo hilo lipo. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walichapisha katika Scientific Reports vipimo ambavyo havikuonyesha ushahidi wake, na wengine wanaendelea kulitafutia nadharia. Je, kitu kinachobishaniwa hivyo ni mchango? Mimi nasema ni mchango, tena mkubwa, kwa sababu wanafizikia wamehangaika na swali la mwanafunzi yule kwa zaidi ya miaka hamsini. Ila nikiwa mkweli, hayo ni maoni yangu, hakuna kipimo kinachoyatoa. Idadi ya mara zilizonukuliwa haisaidii, maana anayekubali na anayepinga wote wananukuu vilevile. Makala ya Wakefield ya 1998 katika Lancet, iliyohusisha chanjo na usonji na kuondolewa rasmi mwaka 2010, imenukuliwa mno, na wengi wa wanaoinukuu wanaikosoa.

Kuhusu makala za ushirikiano nitasema kwa haraka, maana nimeshalisema hadi nimechoka. Mwaka 2015 timu mbili kubwa za wanafizikia, ATLAS na CMS, zilitoa makala moja ya fizikia yenye waandishi 5,154. Kwa hesabu nzima, kila taasisi iliyotajwa inapata makala kamili. Kwa hesabu ya mgawanyo, kila moja inapata chembe. Vyuo vyetu hupenda ya kwanza, kwa sababu mtafiti mmoja aliyemo kwenye mtandao mkubwa wa afya anaweza kukipandisha chuo kizima. Ya pili ina haki zaidi, ila inamwadhibu aliyekubali kushirikiana. Orodha ya Leiden, moja ya zile zinazopanga vyuo vikuu duniani, inakuachia uchague. Wengi hawajui kwamba kuna kuchagua.

Kisha lipo lile lisiloingia kabisa. TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya UDSM, ambayo leo ni TATAKI, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Utafiti ndio huo: kukusanya maneno, kuamua maana, kubishana juu ya istilahi. Nani katika wasomaji wangu hajawahi kuifungua yeye au mwalimu wake? Lakini si makala, na hainukuliwi kwa namna ambayo mashine inaitambua. Kwenye jalada mwandishi ni taasisi, kwa hiyo haimpandishi mtafiti yeyote kwenye kipimo cha h, kinachompima mtafiti kwa makala zake na mara zilizonukuliwa, kile alichokileta Hirsch mwaka 2005, ambacho lazima kipate jina la mtu. Orodha ya Shanghai, nyingine inayopanga vyuo vikuu, inatoa asilimia 30 kwa Nobeli na nishani ya Fields ya hisabati, na 20 kwa makala za majarida ya Nature na Science. Kamusi haina pa kukaa humo.

Kwenye ripoti zangu huiweka katika aya yake peke yake, bila namba, kwa sababu sijapata namba isiyokuwa ya kubuni. Na kila mara anayepokea ripoti ananiuliza: sawa, lakini hiyo ni sawa na makala ngapi?