Je, wajua kwa nini trekta likipanda trela, gari linalolivuta hupoteza breki?

Trekta linapopandishwa kwenye trela, watu wote hulikodolea macho lenyewe. Je, litateleza? Tairi litatoka nje ya rampu? Mimi hutazama kwingine: matairi ya nyuma ya pikapu iliyofungwa mbele ya trela. Magurudumu ya mbele ya trekta yakifika tu kwenye mkia wa trela, bodi ya pikapu huanza kuinuka polepole. Springi zinalegea. Tairi lililokuwa limebonyea kwa chini linaanza kuwa duara. Aliyekaa kwenye usukani wa trekta ana rampu mbili nyembamba za kushughulikia, kwa hiyo hana nafasi ya kuyaona hayo.

Kinachotokea ni wenzo, uleule wa darasani. Trela la ekseli moja, au la ekseli mbili zilizokaa karibukaribu, lina egemeo moja katikati: magurudumu yake. Nyuma ya egemeo kuna mkia, mbele yake kuna shingo inayoishia kwenye kiungo cha gari. Uzito ukitua mkiani, mkia unataka kushuka na shingo inataka kupanda. Trela likiwa limeshapakiwa, mzigo hupangwa ili sehemu fulani ya uzito, mara nyingi hupendekezwa asilimia 10 hadi 15, ikandamize kiungo kuelekea chini. Lakini hakuna trekta linaloruka moja kwa moja hadi mahali pake. Lazima lipitie mkiani kwanza, na katika dakika hizo chache mambo yote yanakuwa kinyume.

Tuweke hesabu, kwa sababu bila hesabu watu husema “trela langu ni zito, halitikisiki.” Chukua trela tupu la kilo 800, ambalo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 30 mbele ya ekseli. Mkia uko mita 2 nyuma ya ekseli, kiungo kiko mita 3.5 mbele yake. Trekta ni dogo, la kilo 2,000: magurudumu ya mbele yamebeba 800, ya nyuma 1,200, na kati ya ekseli zake mbili kuna mita 1.9.

Magurudumu ya mbele yakikanyaga mkia, yanaleta momenti, yaani nguvu ya kuzungusha (uzito mara umbali), ya 800 mara 2: jumla 1,600. Uzito wa trela lenyewe unapinga kwa 800 mara 0.3, yaani 240 tu. Inabaki 1,360, na ukiigawanya kwa mita 3.5 za shingo unapata kama kilo 390 zinazosukuma kiungo kwenda juu. Wengi wakishavuka hatua hii hushusha pumzi. Wanaharakisha. Trekta likiendelea mbele, magurudumu yake ya nyuma, yale mazito, yanafika kwenye mkia uleule wakati ya mbele bado hayajavuka ekseli ya trela. Yako sentimita 10 nyuma yake. Sasa ni 1,200 mara 2, ongeza 800 mara 0.1, toa 240. Jibu ni 2,240, na kwenye kiungo inakuwa kilo 640 kwenda juu.

Kilo 640 zinaonekana chache ukilinganisha na pikapu nzima. Ila nguvu hiyo haiinui pikapu nzima, inaiinua kwa nyuma, na tena kwa wenzo wa pili. Kiungo kiko nyuma ya ekseli ya nyuma ya pikapu, tuseme mita 1.2, na kati ya ekseli za pikapu kuna mita 3. Zidisha 640 kwa 4.2, gawanya kwa 3: ekseli ya nyuma inapunguziwa karibu kilo 900. Pikapu ambayo haijabeba kitu inaweza kuwa na kilo 800 hivi kwenye ekseli hiyo. Kwa maneno mengine, hakuna kilichobaki. Matairi yanaelea, au yanagusa ardhi kama kidole kinavyogusa sufuria ya moto.

Na breki ya mkono iko wapi? Kwenye magari mengi hukamata magurudumu ya nyuma. Imekazwa barabara, nyaya zimevutwa hadi mwisho, na gurudumu limegoma kuzunguka. Lakini gurudumu lililokazwa hewani halizuii kitu. Kuacha gari kwenye gia nako hakusaidii kama inavyodhaniwa. Gia, au herufi P kwenye gari la otomatiki, hufunga magurudumu yanayoendeshwa tu, na kwa pikapu nyingi, zisipowekwa kwenye gia ya magurudumu manne, hayo ni ya nyuma yaleyale. Kuna jambo jingine ambalo madereva wazoefu wenyewe hulisahau: kinachozuiwa na gia ni shafti, si kila gurudumu peke yake. Tairi moja tu likinyanyuka, difu ya kawaida, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya ekseli, inaliruhusu lizunguke kinyumenyume huku mwenzake aliye chini akiviringika apendavyo. Nusu ya gari kuinuka inatosha.

Basi msafara mzima, pikapu, trela na trekta lililo nusu juu nusu chini, unabaki umeshikiliwa na msuguano mdogo wa matairi ya mbele ya pikapu, ambayo breki ya mkono haiyashiki. Na wakati huohuo unasukumwa. Magurudumu ya mbele ya trekta yanapoanza kupanda rampu, yale ya nyuma yakiwa bado ardhini, rampu zinasukumwa kuelekea kwenye trela. Likisogea mbele hata kidogo, ncha za rampu zinachomoka. Baadaye, magurudumu ya nyuma yakiwa kwenye rampu, dereva akiachia klachi ghafla au akikanyaga mafuta, tairi huirusha rampu nyuma kama mtu anayekimbia juu ya mkeka. Ndiyo maana rampu hufungwa kwa pini au mnyororo kwenye trela. Kuzilaza tu juu ya ukingo na kutegemea uzito wa trekta uzishike ni kubahatisha.

Dawa ya haya yote ni kitu kidogo ambacho Kiswahili kina jina lake tangu enzi za majahazi: gadi, nguzo fupi ya kukitegemeza chombo kisilale ubavu maji yakipwa. Trela nalo linahitaji gadi mbili, moja kila upande chini ya fremu ya mkia, karibu kabisa na rampu zinapoegemea. Matrela mengine huja na miguu yake ya kushusha kwa pini au skrubu. Yasiyo nayo hutegemezwa kwa stendi za chuma au kwa vipande vya mbao ngumu vilivyopangwa kwa kupishana.

Rudi kwenye hesabu. Gadi zikiwa mkiani, ile momenti ya 2,240 inabebwa na gadi zenyewe: 2,240 gawanya kwa mita 2, sawa na kilo 1,120, yaani 560 kwa kila gadi kama uzito umegawanyika sawasawa. Kwa kuwa haugawanyiki sawasawa kamwe, ni busara kila moja iweze kubeba yote peke yake. Kiungo hakiinuliwi tena. Ekseli ya trela nayo inapumua: bila gadi ilikuwa imebeba kilo 3,440, zaidi ya trela na trekta kwa pamoja, kwa sababu pikapu iliyokuwa ikining'inia upande wa pili nayo ilikuwa inaikandamiza. Ikiwa na gadi, inabeba 1,680. Wengi hudhani gadi ni ya kuuokoa mkia usipinde. Kwangu mimi, kazi yake ya kwanza ni kuilinda breki ya gari lililo upande wa pili kabisa.

Gadi hukosewa katika mambo matatu, na la kwanza ni nafasi ya juu. Ukiikaza hadi ibane, springi za trela zitashuka trekta likishapanda, mkia mzima utaikalia, na hutaiondoa. Ukiacha nafasi kubwa, mkia utaanguka kwa kishindo kabla ya kuipata. Katika mfano wetu, kila sentimita 1 ya mkia kushuka ni sentimita 1.75 ya shingo kupanda. Nafasi ya sentimita 2 inainua kiungo sentimita 3.5, ambazo kwa kawaida springi za pikapu huzimeza bila tairi kuachia ardhi. Nafasi ya sentimita 10 inakuwa 17.5, na hapo umeshachelewa. Gadi yenye skrubu ni rahisi, kwani unaifungua kidogo mwishoni. Ya mbao uitie kabari mbili juu, zilale kwa kuelekeana, ili zitoke kwa kugongwa na nyundo ndefu kutoka pembeni, mikono na kichwa vikiwa nje ya trela.

La pili ni ardhi. Mguu wa chuma wenye kitako cha sentimita 5 kwa 5 una eneo la sentimita za mraba 25. Ukiutwika kilo 1,000, kila sentimita ya mraba inabeba kilo 40, na udongo uliolowa utaupokea kama uji. Weka chini yake ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40 na mzigo uleule unakuwa kilo 0.6 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Huo ubao ndio watu huuona ni usumbufu.

La tatu ni kitu kinachotumika. Matofali ya saruji yenye matundu hayafai. Yanaweza kubeba mzigo mkubwa ukiwa umetulia, kisha yakapasuka ghafla kwa kugongwa pembeni, bila kutoa hata mlio wa onyo. Jeki ya mafuta nayo ni ya kuinulia, si ya kutegemezea; sili yake ikivuja kidogo inashuka, na jeki nyembamba inaweza kulala mara trela likisogea kidogo. Gogo la duara linaviringika, na sidhani hilo linahitaji maelezo.

Pamoja na gadi huenda kabari za magurudumu, na hapa hesabu inatufundisha pa kuziweka. Silika hutuambia tuziweke kwenye tairi za nyuma za pikapu. Tumeshaona kwamba hizo ndizo zinazoweza kuelea. Magurudumu ya trela ndiyo yasiyoondoka ardhini hata iweje, kwa hiyo kabari ziende hapo kwanza, mbele na nyuma, pande zote mbili. Za pikapu ziwe nyongeza, kwenye matairi ya mbele. Na trela libaki limefungwa kwenye gari, kiungo kikiwa na pini yake ya usalama. Trela lililofunguliwa halina cha kulizuia kuchuchumaa kwa mkia na kurusha shingo juu.

Kuhusu kupanda kwa mbele au kwa kinyume, mabishano hayaishi. Kwa trela haibadilishi sana. Trekta letu likipanda kinyumenyume, kilele kwenye kiungo kinakuwa karibu kilo 617 badala ya 640, ila kinakuja mapema, sekunde ileile magurudumu mazito yanapokanyaga mkia. Kwa dereva, tofauti ni kubwa. Rampu ya mita 2.4 kwenda kwenye trela lenye kimo cha sentimita 60 ina mwinuko wa nyuzi 14 na nusu. Trekta linalopanda mwinuko kwa mbele, hasa likiwa na jembe zito nyuma, huwa jepesi mbele; tairi la nyuma likikwama huku injini ikisukuma, mwili wa trekta huzunguka kuizunguka ekseli na kupinduka kwa nyuma, na huvuka mahali pa kutorudi katika muda usiofika sekunde moja. Mguu haujapata hata kufika kwenye klachi. Kwa hiyo mwinuko ukiwa mkali, upande mzito hutangulia juu: kupanda kwa kinyume, kushuka kwa mbele. Rampu ndefu zaidi ni bora kuliko ubishi wote huo. Gia ya chini kabisa, mwendo mmoja, hakuna kubadili gia katikati.

Likishafika mahali pake, breki, zana zishushwe, minyororo ikazwe, ndipo gadi ziondolewe. Halafu inakuja safari, na mwisho wake ndio unaosahaulika kuliko yote. Wakati wa kushusha, trekta linaupitia mkia uleule kwa mpangilio wa kinyume, na kilo zilezile 640 zinarudi kwenye kiungo, safari hii pengine mahali penye mteremko, jioni, kila mtu akitaka kwenda nyumbani. Gadi zilibaki kule lilikopakiwa, zimeegemezwa ukutani. Tengeneza mahali pa kuzifunga juu ya trela lenyewe.