Idempotenti siyo "haigomi"

Hili neno idempotenti nimelisikia mara tatu ndani ya wiki moja na mara zote tatu limetumika ndivyo sivyo, kwahiyo naandika mara moja niwe nawatumia watu, nimechoka kubishana upya kila siku.

Maana yake kwa haraka: kitendo ni idempotenti kama ukikifanya mara moja au ukikifanya mara kumi, hali ya mwisho ni ileile. Basi. Kwetu sisi tunaoendesha mashine pepe (VM, yaani kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine) kwa skripti, faili lenye orodha ya kamandi, maana ake ni kwamba umeme ukikatika skripti ikiwa katikati, au umesahau tu kama ulishaipiga, unaipiga tena na VM zako zinaishia palepale ambapo zingeishia kama ungeipiga mara moja.

Sasa neno lenyewe. Ni Kilatini, idem ni "kilekile" na potens ni "chenye nguvu", na hapo kwenye nguvu ndo watu wanapopotelea, wanadhani tunaongelea skripti imara, ngangari, haitikisiki. Hapana jamani. Nguvu inayosemwa ni ile ya hisabati, ambayo shuleni tuliiita kipeo, kipeo cha pili, kipeo cha tatu. Aliyeliunda neno ni Benjamin Peirce, mwanahisabati wa Harvard, mwaka 1870, alikuwa kwenye mambo yake ya aljebra akahitaji jina la kitu ambacho ukikizidisha kwa chenyewe unapata kilekile. Moja mara moja, moja. Sifuri mara sifuri, sifuri. Panda kipeo cha pili, cha tatu, cha mia, jibu halisogei. Na mzee huyohuyo, kwenye kazi hiyohiyo, ndo alituletea nilipotenti, yaani kitu ambacho ukikizidisha kwa chenyewe mara kadhaa kinaishia kuwa sifuri, na kuna skripti nimeziandika mimi kwa mkono wangu zinastahili kabisa kuitwa hivo.

Baadae neno likahamia kwenye kompyuta. Maelezo rasmi ya HTTP 1.1, zile kanuni ambazo kivinjari na seva ya wavuti huongea kwazo, ya mwaka 1999 yanalo, na pale limeelezwa vizuri kuliko tunavyolieleza sisi: kinachoangaliwa ni athari inayobaki kwenye seva, siyo maneno unayorudishiwa. Shika hiyo, maana ndo ugomvi wangu wote ulipo.

Kuna mwenzetu kazini aliniambia skripti yake ni idempotenti kabisa, unaipiga hata mara ishirini haigomi. Nikaifungua. Kila mstari, nasema kila mstari, umeishia na `|| true`, na mingine juu yake ina `2>/dev/null`. Kwa asiyejua, hizo mbili kwa pamoja ni kuiambia kompyuta ukikosea usiniambie na pia jifanye hujakosea. Hiyo ni skripti iliyozibwa mdomo. Katikati kulikuwa na huu, wa kuongeza ukubwa wa diski ya mashine pepe iitwayo db01:

`qemu-img resize db01.qcow2 +10G || true`

Angalia hiyo alama ya kujumlisha. Diski ilikuwa GB 30, alitaka iwe 40. Mara ya kwanza ikawa 40, sawa. Skripti ikakwama mbele kwa sababu nyingine kabisa, akarekebisha akaipiga tena, ikawa 50, akaipiga tena, 60, na tena, 70. Haikugoma hata siku moja! Na hakuna aliyeona kwa sababu qcow2, aina ya faili la diski pepe, inakua kadri unavyoandika data, ukiangalia kwa `du` nafasi ambayo faili limechukua unaona kitu kidogo tu, mpaka uulize `qemu-img info` ndo unakuta 70 inakukodolea macho. Angeandika `40G` bila ile alama, yaani ataje anakotaka kufika badala ya hatua ya kupiga, angeweza kuipiga mpaka vidole viume na ingebaki 40. Na siku ikikuta diski imeshazidi hapo itakataa kuipunguza mpaka uandike mwenyewe `--shrink`, na kukataa huko ndo unachokitaka.

Geuza upande wa pili. `virsh start db01`, kamandi ya kuwasha mashine pepe, ukiipiga wakati mashine tayari inawaka, inatema kosa, inakwambia "Domain is already active". Watu wanasema aah, hii siyo idempotenti. Kwa nini? Mashine ilikuwa inawaka, bado inawaka, hakijabadilika kitu. Imelalamika, ndio, ila hali ni ileile, na kama lile kosa linaisimamisha skripti yako nzima, uliza kwanza kwa `virsh domstate` kabla ya kuwasha. Kwahiyo kuna kamandi isiyogoma ambayo siyo idempotenti na kuna inayogoma ambayo athari yake ni idempotenti, sasa hiyo "haigomi" inapima nini hasa?

Alafu wapo wanaosema idempotenti wakimaanisha salama, na hawa ndo wananitisha zaidi. `qemu-img create -f qcow2 db01.qcow2 40G` ukiipiga juu ya faili ambalo lipo, na mashine imezimwa, haikuulizi chochote, inaandika diski mpya tupu juu ya ile ya zamani. Piga tena: tupu. Piga ya tatu: tupu. Peirce angeipokea kwa mikono miwili. Database yako ndo imeshaondoka hivo.

Na hata ukikagua mstari mmoja mmoja hujamaliza. Mashine imezimwa, mstari wa kwanza `virsh dumpxml db01 > db01-asili.xml` uhifadhi mipangilio ya mwanzo, wa pili `virsh setmaxmem db01 8G --config` uweke kikomo cha kumbukumbu kuwa 8G. Kila mmoja peke yake hauna neno, urudie utakavyo. Ziweke pamoja uzipige mara mbili: ile "asili" sasa imebeba 8G na ya mwanzo huna tena. Hii imeniuma mimi mwenyewe na ilinichukua asubuhi nzima kuelewa, maana kila nilipokagua mstari niliukuta uko sawa.

Sisemi watu waache kulitumia neno. Kama unachomaanisha ni kwamba skripti inapita bila kelele, sema haigomi, tutakuelewa na hakuna atakayekudharau. La idempotenti lisubiri mpaka uipige mara mbili kwenye VM ya majaribio alafu ulinganishe `virsh dumpxml` na `qemu-img info` baada ya ya kwanza na baada ya ya pili. Na huyo mwenzetu hatujagombana, skripti yake bado tunaitumia, tumetoa zile `|| true`, tumetoa alama ya kujumlisha, na kwenye komenti ya juu palipoandikwa "idempotenti" kwa sasa pameandikwa "usipige mara mbili kabla hujaangalia".