Hapana, Sina Bahasha

Imetokea tena. Kikao cha wakulima wa miwa upande wa Muhoroni, nimemaliza kupitia kifungu kwa kifungu marekebisho ya mswada tunayotaka kuwashawishi wabunge wayapitishe, mzee mmoja akainua mkono: "Sawa mwanangu, tumesikia. Sasa bahasha ya hao waheshimiwa ni ya ngapi, tuanze kuchanga?" Ukumbi ukacheka. Kijana aliyekaa nyuma akaongeza lake: mambo ya kulobi, yaani kuwashawishi watunga sheria, yaliletwa na mashirika ya wafadhili miaka ya tisini, zamani watu wetu walikuwa wakiandamana au wakinyamaza, basi.

Mzee nitamrudia. Kijana ndiye aliyenikosesha usingizi, kwa sababu alisema hayo akiwa Nyanza.

Desemba 1921, huko Lundha, Gem, vijana waliosoma shule ya misheni ya Maseno walianzisha Young Kavirondo Association (Kavirondo ndilo jina la zamani la Nyanza). Jonathan Okwiri mwenyekiti, Benjamin Owuor Gumba katibu, Simeon Nyende mweka hazina. Watu wakawaita Piny Owacho, nchi imesema. Walitaka kipande, kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba, kifutwe, kambi za kazi za kulazimishwa zifungwe, kodi ipungue na wanawake wasitozwe, watu wapewe hatimiliki za mashamba, na nchi irudi kuwa himaya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi tu wa Uingereza, badala ya koloni kama ilivyogeuzwa mwaka 1920. Dai hilo la mwisho lisome polepole. Mtu anayelalamika tu husema kodi inaniumiza. Hawa walishang'amua kwamba hadhi ya nchi ikibadilika kwenye karatasi, mwenye shamba anaweza kuamka akiwa mpangaji wa Mfalme wa Uingereza. Hiyo ni kazi ya kusoma sheria na kuuliza itamfanya nini mtu wa Alego. Mimi nalipwa kufanya hivyo hivyo, nikiwa na kompyuta.

Mwaka 1922 Gavana Edward Northey akakubali kukutana nao. Kambi za kazi zikaondolewa, kodi ikateremka kutoka shilingi 16 hadi 12. Kipande kikabaki, koloni ikabaki.

Katika semina zetu hapo huandikwa "mafanikio" kwa wino mzito. Mimi nasita. Machi mwaka huo huo Harry Thuku, kiongozi wa kupinga kipande na kodi, alikuwa amekamatwa na umati kupigwa risasi Nairobi. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka baada ya vita. London nako walikuwa wameanza kuuliza maswali. Nani ataapa kwamba ni hoja za Okwiri zilizoshusha zile shilingi nne, wala si hofu ya Nairobi nyingine? Hata leo kifungu chetu kikipita kama tulivyokiandika, naweka nakala kwenye faili na kuwapigia wanachama simu za pongezi, lakini moyoni sijui. Pengine waziri alikuwa ameshaamua. Anayekuambia anajua kwa hakika, anatafuta kandarasi.

Mwaka 1923 akaingia Archdeacon Walter Owen, mmisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS, chama kikageuka kuwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association. Hapa wasomi wamegawanyika hadi leo. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kupanda miti, kuua panya. Naam, panya. Kutoka kudai hadhi ya nchi hadi kuhesabu mikia ya panya! Wengi husema Owen alikitia chama kamba puani. Ila huyo huyo ndiye aliyekuwa akiandika barua kwenye Manchester Guardian kuhusu kazi za kulazimishwa, hadi walowezi, yaani wakulima wa Kizungu, wakamwita "Archdemon", shetani mkuu. Nimewahi kufanya kazi na wafadhili wa namna hiyo: wanakufungulia mlango ambao usingeufungua mwenyewe, kisha wanakupangia la kusema ukishaingia. Ukiniuliza kama ningeukataa mlango ule, sina jibu la haraka.

Walishindwa pia, na hili husahaulika. Sheria ya ardhi ya 1930 iliahidi kwamba kipande cha hifadhi ya Waafrika kikichukuliwa, watapewa ardhi nyingine yenye thamani sawa, na baraza lao litaulizwa kwanza. Kisha dhahabu ikaonekana Kakamega. Desemba 1932 serikali ikaibadilisha sheria mbio mbio: fidia ya pesa inatosha, kuuliza si lazima. Memoranda ziliandikwa, kelele zikapigwa hadi Bunge la Uingereza. Sheria ilipita.

Sasa mzee wangu wa bahasha. Mzee, twende Nakuru.

Huko ndiko Kenya Farmers' Association, KFA, ushirika wa wakulima walowezi, ilikokuwa na makao makuu, na si mbali na hapo, Soysambu, ndiko kwa Lord Delamere, kiongozi wao. Hakuna kundi lililolobi kwa ustadi katika historia ya nchi hii kuliko walowezi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuhitaji bahasha hata moja. Walikuwa na Convention of Associations, ambayo watu waliita bunge la walowezi. Tangu 1920 walikuwa na viti vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, wakati Waafrika waliwakilishwa na mmisionari kuanzia 1924 na hawakupata Mwafrika wao hadi Eliud Mathu mwaka 1944. Kamati ya Bowring ya 1922 ilipokaa kufikiria uchumi, walowezi walikuwa ndani ya chumba, si nje wakisubiri na faili kwapani. Ikatoka na nauli nafuu ya reli kwa mahindi ya kuuza nje, pamoja na ushuru wa kuwakinga wakulima wa ngano. Vita vilipokuja, mwaka 1942, mahindi yakawekewa bei ya uhakika, na gunia la mzungu likalipwa zaidi ya gunia la Mwafrika. Yote hayo yaliandikwa, yakapigwa muhuri, yakachapishwa kwenye gazeti la serikali.

Ndiyo maana swali la bahasha linaniudhi. Linatufanya tumtafute mwizi wa usiku, na huku aliyehamisha mpaka alikuja mchana na mpima ardhi.

Sisemi bahasha hazipo. Hata Marekani, wanakoturejelea kila mara, Samuel Colt, mtengeneza bastola, aliwagawia wanasiasa bastola alipotaka hataza yake iongezwe muda mwaka 1854. Moja ikaenda kwa mtoto wa mbunge. (Hakuongezewa.) Mahakama yao ya juu mwaka 1874 ilikataa kutambua mkataba wa kumlipa mtu ili akalobi, na katiba ya jimbo la Georgia ya 1877 ikaitangaza kazi yangu kuwa jinai. Kwa hiyo mzee ana wenzake wenye majoho.

Lakini tazama kazi yenyewe. Tangazo linatoka gazetini: kamati inaomba maoni kuhusu mswada, siku ya mwisho ni fulani. Unachora jedwali la safu tatu: kifungu, marekebisho, sababu. Safu ya tatu ndiyo kazi. Ukiandika "wakulima wanateseka", karani wa kamati hana la kufanya nayo. Ukiandika kwamba muwa uliokatwa hupoteza sukari kila siku unapolala shambani, na mswada hausemi nani anabeba hasara lori la kiwanda lisipokuja, unaweza kuyakuta maneno yako kwenye ripoti ya kamati, nukta na mkato. Mbunge ana miswada kumi mezani. Anayempa sentensi iliyokamilika ameshamsaidia.

Mpaka kati ya kulobi na kuhonga, nakiri, si mstari wa chokaa. Kumhonga mbunge ni kosa, hapo hatuna mjadala. Je, nauli ya wakulima waliotoka Chemelil kwenda kusikilizwa Kisumu? Nalipa bila aibu; asiye na nauli hana sauti. Soda na chapati baada ya kikao? Nalipa. Chakula cha mchana na msaidizi wa mbunge, hotelini, nikalipa mimi? Nimefanya. "Semina" ya kamati nzima pwani, kwa gharama ya wenye viwanda? Hiyo naiita hongo, wao wanaiita kujenga uwezo, na sheria haijanisaidia kuwabishia.

Marekani wana sajili tangu 1946, ikakazwa 1995: nani anamlobi nani, kwa pesa ya nani. Sisi tuna Ibara ya 119 ya Katiba inayompa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, lakini sajili ya namna ile hatuna. Ikiletwa nitajiandikisha siku ya kwanza. Ninachoogopa ni ada na fomu: kampuni itamtuma wakili wake azijaze asubuhi moja, nacho chama cha mzee wangu wa Muhoroni kitaambiwa hakiwezi kuonana na mbunge wake kwa kuwa hakijasajiliwa. Mswada huo ukichapishwa, kifungu cha msamaha kwa vyama vya wakulima nimeshakiandika. Safu zote tatu.