Msongamano wa Mtandao: Jinsi Kompyuta Zinavyogawana Njia Moja Bila Msimamizi

Msongamano wa mtandao ni hali inayotokea pale data zinazoingia katika kiungo fulani cha mtandao zinapozidi uwezo wa kiungo hicho kuzisafirisha. Kiungo chenyewe kinaweza kuwa mkongo wa baharini, waya wa ofisini au masafa ya redio kati ya simu na mnara, na kinachokifanya kiwe rasilimali ya pamoja ni kwamba hakuna mtumiaji aliyekatiwa sehemu yake maalumu. Katika simu za zamani za waya mambo hayakuwa hivyo. Mtu alipopiga simu, mitambo ilimtengea njia yake tangu alipounganishwa hadi alipokata, hata kama muda mwingi alikuwa amenyamaza, na njia zilipokwisha aliyefuata alisubiri. Intaneti ilichagua utaratibu mwingine: data hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo pakiti, kila pakiti ikibeba anwani ya inakokwenda, na pakiti za watu wote huchanganyika katika njia ile ile, mwenye cha kutuma akitumia nafasi iliyoachwa na asiye nacho. Utaratibu huu hauachi njia ikae bure, lakini umezua swali ambalo mtandao wa simu haukuwa nalo, yaani nani apunguze mwendo njia inapojaa, na atajuaje kwamba zamu ya kupunguza ni yake.

Kwenye makutano ya njia hizo huwekwa ruta, ambayo hupokea pakiti, husoma anwani na kuzielekeza zinakotakiwa. Pakiti zikija kwa kasi kuliko zinavyotoka, ruta huzipanga foleni katika kumbukumbu yake, na kumbukumbu ikijaa, pakiti inayofika hutupwa. Wengi hufananisha hali hii na foleni ya magari, na mfano huo unafaa hadi hapo tu, kwa sababu gari lililokwama hubaki kuwa gari moja, ilhali pakiti iliyotupwa hutumwa upya na kompyuta iliyoituma. Tena, pakiti ambayo imechelewa tu foleni inaweza kudhaniwa kuwa imepotea, ikatumwa nakala yake wakati ya kwanza bado iko njiani. Kwa hiyo msongamano wa mtandao, usipodhibitiwa, hujilisha wenyewe: kadiri njia inavyochelewa ndivyo nakala zinavyoongezeka, na kadiri nakala zinavyoongezeka ndivyo njia inavyozidi kuchelewa, mpaka ikafika mahali inafanya kazi kwa nguvu zake zote bila kufikisha karibu chochote kipya.

John Nagle, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Ford Aerospace, aliieleza hatari hiyo katika waraka wa Januari 1984, akionya kwamba mtandao ukishaporomoka kwa namna hiyo hautajinasua wenyewe bali utabaki katika hali hiyo mbaya. Miaka miwili baadaye ikatokea. Mnamo Oktoba 1986 mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, sehemu mbili zilizotenganishwa na yadi 400 hivi, yalishuka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40 kwa sekunde, yaani kasi ilipungua mara 800. Hakuna waya uliokatika wala mtambo ulioungua. Kila kompyuta ilikuwa ikifuata kanuni zake sawasawa, na kanuni hizo zilisema pakiti ambayo mpokeaji hajajibu kwamba imefika itumwe tena.

Van Jacobson wa maabara hiyo, akishirikiana na Michael Karels wa Berkeley, alichapisha dawa yake mwaka 1988. Kinachovutia ni kwamba hawakuiwekea intaneti msimamizi, wala hawakuzitaka ruta zigawe njia kwa vipimo. Walibadilisha tabia ya watumaji, ndani ya itifaki ya TCP, yaani kanuni za mawasiliano zinazosafirisha kurasa, barua pepe na mafaili. Wazo la msingi ni kwamba pakiti kupotea ni habari. Katika njia za waya pakiti hazipotei sana kwa kuharibika, hivyo ikipotea sababu inayoelekea zaidi ni kwamba ruta fulani imejaa, na mtumaji anapaswa kuchukulia hasara hiyo kama ombi la kupunguza mwendo. Kompyuta huanza na pakiti chache, ikaongeza haraka kadiri majibu yanavyorudi, kisha ikishakaribia kiwango kilicholeta matatizo safari iliyopita huongeza kidogo kidogo. Ikigundua hasara hupunguza kwa ghafla, na katika umbo lililoenea baadaye kipunguzo hicho ni nusu ya kiwango kizima.

Kwa nini kuongeza kidogo kidogo lakini kupunguza kwa nusu? Jibu la hesabu lilitolewa na watafiti Dah-Ming Chiu na Raj Jain mwaka 1989, nalo linastahili kufuatwa kwa tarakimu. Chukua njia inayobeba pakiti 100 kwa mzunguko, yaani muda wa pakiti kwenda na jibu kurudi, ikitumiwa na watumaji wawili, mmoja akiwa na 80 na mwingine 20. Njia imejaa, wote wanapata hasara, kila mmoja anapunguza nusu, wanabaki na 40 na 10. Tofauti yao, iliyokuwa 60, sasa ni 30. Kisha wote wanaongeza moja moja kwa kila mzunguko, na kwa kuwa wanaongeza sawa tofauti haibadiliki, hivyo njia inapojaa tena mmoja ana 65 na mwingine 35. Wakipunguza nusu tena, tofauti inakuwa 15. Baada ya duru kadhaa wanakaribia kulingana, ingawa hawajawahi kuulizana chochote na hakuna anayejua kama mwenzake yupo. Kama wangepunguza kwa kutoa kiasi kile kile kwa kila mmoja, tofauti ya mwanzo ingedumu.

Usawa huo, hata hivyo, ni wa miunganisho na wala si wa watu. Programu inayofungua miunganisho kumi kwa wakati mmoja, kama zifanyavyo programu nyingi za kupakua mafaili makubwa, hupata takriban sehemu kumi pale ambapo jirani mwenye muunganisho mmoja anapata moja, na itifaki haioni ubaya wowote. Kwa maoni yangu huu ndio udhaifu mkubwa wa mpango mzima, na unaeleza kwa nini ofisi nyingi zenye njia nyembamba hulazimika kuweka mgawo wao wenyewe kwenye ruta, kwa kila mtumiaji au kila kompyuta, badala ya kuitegemea adabu ya TCP.

Kuna dhana potofu kwamba msongamano huondolewa kwa kuiongezea ruta kumbukumbu ili isitupe pakiti. Mwaka 2010 mtaalamu wa kompyuta Jim Gettys, akichunguza ucheleweshaji wa ajabu katika intaneti ya nyumbani kwake, alianza kuonyesha kwamba kinyume chake ndicho kweli. Kumbukumbu ya megabaiti 1 iliyo mbele ya njia ya megabiti 1 kwa sekunde, ikijaa, huchukua sekunde 8 kumalizika, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Katika muda huo wote hakuna pakiti iliyotupwa, kwa hiyo mtumaji hana habari kwamba njia imejaa na anaendelea kuongeza, huku mtu anayeongea kwa simu ya intaneti katika nyumba hiyo hiyo akisikia sauti ya mwenzake ikimfikia kwa kuchelewa mno. Mwaka 2012 Jacobson huyo huyo, safari hii akiwa na Kathleen Nichols, alipendekeza utaratibu uitwao CoDel, ambao haupimi urefu wa foleni bali muda ambao pakiti imesubiri. Kusubiri kukizidi milisekunde 5 kwa muda wa kutosha, ruta huanza kutupa pakiti kwa makusudi ili watumaji wapate habari mapema. Njia nyingine, iliyowekwa kuwa kanuni mwaka 2001, ni ruta kuitia pakiti alama ya msongamano badala ya kuitupa.

Mnamo Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani. Data zilizokuwa zikipita humo zilielekezwa kwenye njia chache zilizobaki. Mtumiaji aliyeona ukurasa ukifunguka polepole bila kukatika kabisa alikuwa akiona, kwa sehemu, kazi ya kanuni hizi, kwani mamilioni ya miunganisho iliyoshindania njia finyu ilikuwa ikijipunguza, kila mmoja kwa hasara zake. Bila ya kujipunguza huko, hata ule uwezo uliobaki ungeliwa na nakala zilizotumwa upya.

Mjadala wa leo unahusu kama hasara bado ni ishara nzuri. Google ilitangaza mwaka 2016 utaratibu wa BBR, ambao badala ya kungoja pakiti ipotee hukadiria uwezo wa njia na muda wa kwenda na kurudi, kisha ukatuma kwa kasi inayolingana na makadirio hayo. Kwenye njia ndefu zenye hasara ndogondogo hufanya kazi vizuri sana. Lakini vipimo vya watafiti kadhaa vimeonyesha kwamba toleo lake la kwanza, likikutana na CUBIC, utaratibu uliozoeleka katika mfumo endeshi wa Linux, kwenye ruta yenye kumbukumbu ndogo, huchukua sehemu kubwa kuliko haki yake, kwa sababu halishtuliwi na hasara ambayo mwenzake anaitii. Matoleo yaliyofuata yamejaribu kulirekebisha jambo hilo. Anayechagua kati ya taratibu hizi ni mwenye seva, kwa mstari mmoja wa mpangilio, na wengine wanaotumia njia hiyo hawaulizwi.