Dang'a: maziwa ya kwanza ya ng'ombe na kinga ya ndama

Dang'a ni maziwa ya mwanzo kabisa baada ya ng'ombe kuzaa: mazito, yananata, rangi ya manjano. Kiwele huyaandaa wiki za mwisho za mimba kwa kuvuta kingamwili, yaani protini zinazopambana na magonjwa, kutoka kwenye damu ya mama na kuzilimbikiza. Ndiyo maana ng'ombe anahitaji kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa, takriban siku 60 kabla ya kuzaa. Anayekamuliwa hadi mwisho, au anayevuja maziwa kabla ya kuzaa, hutoa dang'a hafifu.

Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa na kingamwili alizopata kupitia kondo. Kondo la ng'ombe halizipitishi, hivyo ndama huzaliwa karibu bila kinga yoyote. Utumbo wake mchanga unaweza kuzipitisha kingamwili zikiwa nzima hadi kwenye damu, lakini uwezo huo hupungua saa baada ya saa, na baada ya saa 24 unakuwa umekwisha.

Ndama wa kilo 35 apate lita 3 hadi 4 mapema, zisipite saa 6 tangu azaliwe, kisha lita 2 kabla ya saa 12 kutimia. Kwenye mabanda ya Machame, Kibosho na Marangu, mkoani Kilimanjaro, ambako ndama wengi hutengwa na mama mapema, mfugaji ndiye anayeamua anywe nini na lini. Ng'ombe akizaa saa nane usiku, ukingoja kukamua saa kumi na mbili asubuhi, saa 4 bora kuliko zote zimeshapotea. Baridi ya Juni na Julai huongeza tatizo: ndama aliyelowa hunyonya kivivu. Mfute akauke kwanza.

Wapo wanaosubiri kondo la nyuma litoke ndipo wamnyonyeshe ndama. Waiache kabisa tabia hiyo! Kondo linaweza kuchukua saa 12, na kunyonya kwenyewe huamsha oksitosini, homoni inayoshusha maziwa na kubana mfuko wa uzazi.

Dang'a isichemshwe. Ikizidi nyuzi 60 kingamwili huharibika, na ikichemka inaganda. Ipashe moto kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, hadi ifikie joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 38 hadi 39.

Ndama aliyeikosa huonekana mzima siku za mwanzo, kisha huanza kuhara au kushikwa na nimonia. Kwa hiyo ng'ombe mwenye afya akizidisha, hifadhi ziada ya mkamuo wa kwanza kwenye friza, katika chupa safi za lita 1. Hudumu hata mwaka, na huyeyushwa kwa maji yasiyozidi nyuzi 50.